Ripoti Inasema Mafuta Yameibwa, Dereva Anakana: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wenye programu ya kufuatilia magari, inayowapa ripoti nyingi na majibu machache. Tumezifupisha, na zile zinazofanana tumezijibu kwa pamoja.

Lita 38 zimekwenda wapi?

*Ninasimamia malori 14 na pikapu mbili. Ripoti ya mafuta ya Jumatatu imeonyesha kwamba lori moja limepoteza lita 38 usiku likiwa limeegeshwa. Dereva anaapa hakugusa tanki. Tena ripoti hiyo hiyo inasema wastani wa magari yetu ni kilomita 3.1 kwa lita, ilhali mhasibu akijumlisha stakabadhi anapata 2.6. Nimwamini nani?*
Msimamizi wa magari

Tuanze na wastani, maana huo unamalizwa kwa kalamu na karatasi. Inaelekea programu yako inachukua wastani wa kila gari, inaujumlisha na wa mengine, kisha inagawa kwa idadi ya magari. Kwa hesabu hiyo pikapu iliyozunguka mjini kidogo inapewa uzito sawa na lori lililokesha barabarani. Tazama: lori limekwenda kilomita 1,000 kwa lita 400, yaani 2.5 kwa lita. Pikapu imekwenda kilomita 100 kwa lita 20, yaani 5 kwa lita. Wastani wa hizo mbili ni 3.75. Sasa jumlisha kilomita zote, 1,100, ugawe kwa lita zote, 420. Unapata 2.62. Hii ya pili ndiyo inayolingana na pesa iliyotoka. Kama programu haikuruhusu kubadilisha hesabu, toa data kwenye lahajedwali uigawe mwenyewe, tena malori peke yake na pikapu peke yake.

Ukiwa hapo hapo, badili kipimo kiwe lita kwa kilomita 100. Kilomita kwa lita zinadanganya macho. Lori linalotoka 2 kwenda 2.5 limeshuka kutoka lita 50 hadi 40 kwa kila kilomita 100, umeokoa lita 10. Pikapu inayotoka 5 kwenda 5.5 imeokoa lita 1.8 tu. Kwenye ripoti ya sasa magari yote mawili yameongeza nusu kilomita, na unaweza kuwapongeza madereva wote sawasawa.

Mhasibu naye asishangilie mapema. Stakabadhi zinaonyesha mafuta yaliyoingia tankini, si yaliyochomwa. Lori likianza wiki tanki likiwa limejaa na kuimaliza likiwa na upungufu wa lita 150, stakabadhi zitaonyesha lita 250 wakati injini imekula 400, na karatasi itasema kilomita 4 kwa lita. Hesabu ya stakabadhi ni ya kutoka tanki kujaa hadi tanki kujaa tena. Kwa mwezi mzima kasoro hii hupungua sana, lakini kwa wiki moja inatosha kumwonea mtu.

Sasa zile lita 38. Usimwite dereva kabla hujafungua grafu ya kiwango cha mafuta ya usiku ule. Ripoti inakupa namba moja. Grafu inakupa umbo, na umbo ndilo lenye habari. Mafuta yakinyonywa, mstari unakaa tambarare, unaporomoka kwa dakika chache, kisha unakaa tambarare tena chini zaidi na haurudi juu mpaka gari lijazwe. Mawimbi ya mafuta tankini yanaonekana kama meno ya msumeno wakati gari linakwenda. Baridi ya usiku inashusha mstari polepole: dizeli husinyaa takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya selisiasi, kwa hiyo lita 400 zikipoa kwa nyuzi 15 hupungua kama lita 5. Baridi haiwezi kukuelezea 38.

Mteremko unaweza kukaribia. Tanki la lita 400 lenye kimo cha sentimita 60 hubeba lita 6 hadi 7 kwa kila sentimita. Kihisi (kifaa kinachopima kiwango cha mafuta tankini) kikiwa kimefungwa nusu mita kutoka katikati ya tanki, na gari likaegeshwa mahali penye mteremko wa asilimia 10, mafuta pale penye kihisi hushuka sentimita 5. Hizo ni lita 33 na ushei, na hakuna hata tone lililotoka. Alama yake ni kwamba mstari unashuka dakika ile ile gari linapoegeshwa na unarudi mahali pake asubuhi gari likifika tambarare, kabla ya kituo chochote cha mafuta. Kama lori lina matanki mawili yaliyounganishwa kwa bomba na kihisi kiko kwenye moja tu, kuegesha kiubavu hufanya mafuta yahame polepole kwenda tanki la pili, na grafu hapo inafanana mno na wizi wa mpira mwembamba. Kagua kwanza lori lenyewe limefungwaje.

Jambo la mwisho ni jedwali la tanki, yaani orodha inayoiambia programu kila usomaji wa kihisi ni lita ngapi. Fundi wa haraka huingiza alama mbili tu, tupu na jaa, na programu inachora mstari mnyoofu katikati. Tanki lenye pembe za mviringo halijai hivyo. Njia sahihi ni kumimina lita 20, kusubiri dakika moja mafuta yatulie, kuandika kihisi kinasoma ngapi, na kuendelea hivyo mpaka lijae. Tanki la lita 400 linakupa alama 20. Kazi inachosha, na ndiyo maana huachwa. Rudia kila tanki linapobadilishwa au kubonyea. Kisha linganisha kila stakabadhi na jinsi mstari ulivyopanda. Stakabadhi za lita 200 zikionekana kama 190 kila mahali na kwa kila dereva, jedwali lina kasoro. Pengo likijitokeza kwenye kituo kimoja tu, hapo una swali la kumuuliza mtu.

Kengele ya wizi iweke kuanzia asilimia 5 ya tanki, ndani ya dakika 10, swichi ya injini ikiwa imezimwa. Ukiishusha zaidi ya hapo italia kila usiku, na baada ya wiki mbili hakuna atakayeamka kuitazama.

Wastani wa kupakia ni dakika 80, wapakiaji wanasema 40

*Ripoti inasema malori yanakaa ghalani wastani wa dakika 80. Vijana wangu wanasema wengi wanamaliza kwa dakika 40. Wakubwa wanaisoma ripoti.*
Mkuu wa ghala

Inawezekana wote mko sahihi. Tuseme malori saba yamekaa dakika 30, 35, 40, 40, 45, 50 na 320. Jumla ni 560, gawa kwa saba, unapata 80. Lakini ukiyapanga kwa mstari, lile la katikati lina dakika 40. Hakuna hata lori moja lililokaa dakika 80! Kuna malori sita ya kawaida na moja lililokwama, na dawa ya lile lililokwama (karatasi zilikosekana, mzigo haukuwa tayari) si dawa ya kuwahimiza wapakiaji. Omba ripoti ioneshe thamani ya katikati, na pembeni yake idadi ya malori yaliyozidi saa moja katika kila 10.

Halafu vunja muda wenyewe. Unahitaji kuandika saa ya matukio manne: kuingia lango, kuanza kupakia, kumaliza kupakia, kutoka lango. Kifaa cha GPS kinajua ya kwanza na ya mwisho tu. Mbili za katikati lazima mtu azipige, kwa simu au kwa kuskani hati ya mzigo, na bila hizo foleni ya nje, uzembe wa ndani na ucheleweshaji wa karatasi vyote vinaitwa “kupakia”. Kuna dhuluma nyingine ndogo hapo: lori lenye miadi ya saa tatu likiwasili saa kumi na mbili asubuhi, ghala linabebeshwa saa tatu za kungoja ambazo si zake. Hesabu ianze kwenye kile kilichochelewa kuja, kati ya kuwasili na miadi.

Kagua pia uzio uliochorwa kwenye ramani, yaani mpaka unaoiambia programu kwamba lori limeingia au limetoka. Mahali pa wazi GPS hukosea kwa mita chache, lakini chini ya paa la bati au kando ya kuta ndefu makosa hufika makumi ya mita. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 40 litaliona lori “likitoka na kuingia” mara nne huku limeegeshwa pale pale, na ziara moja ya saa moja na nusu inageuka ziara nne fupi zinazopendeza kwenye ripoti. Chora umbo linalofuata ukuta wa eneo lako, ongeza mita 20 hadi 30 nje yake, na weka muda wa chini wa dakika 3 hadi 5 ili magari yanayopita barabarani yasihesabiwe. Ukiwa na majirani wawili ambao ni wateja, hakikisha nyua zao hazipandani.

Mita ya gari na GPS haziafikiani

*Kilomita za GPS zinapungua asilimia 3 kuliko za mita ya gari. Ipi ni ya kweli?*
Karani wa safari

Zote ni makadirio. GPS inayotuma nukta (mahali gari lilipo) kila dakika 2 gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa inaunganisha nukta zilizo kilomita 2 mbali, na kila kona iliyo kati yake inakatwa. Mita ya gari nayo inahesabu mizunguko ya gurudumu: tairi la kipenyo cha mita 1 likilika milimita 12 za kashata, kipenyo kinapungua milimita 24, gurudumu linazunguka zaidi kwa umbali ule ule, na mita inazidisha karibu asilimia 2.5. Chagua chanzo kimoja kwa servisi na gharama, ubaki nacho. Ripoti inayochukua GPS mwezi huu na mita mwezi ujao itakuonyesha “ongezeko la ufanisi” ambalo halipo. Pengo likizidi asilimia 5, au likibadilika ghafla, tafuta hitilafu: kifaa kilichokuwa kimezimika, nukta zilizopotea penye mtandao dhaifu, au gari lililoegeshwa ndani ya jengo huku nukta zinarukaruka na kuongeza kilomita za hewani. Hilo la mwisho linazuiwa kwa kuamuru kifaa kisihesabu umbali swichi ikiwa imezimwa.

Kupanga madereva kwa alama

*Programu inawapanga madereva kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mwajiri anataka bonasi ifuate orodha hiyo. Madereva wanalalamika kwamba wanaopewa njia mbaya ndio wanaokaa mkiani.*
Ofisa rasilimali watu

Malalamiko yao yana msingi, na usifunge bonasi kwenye orodha hiyo mpaka mambo manne yawe sawa.

La kwanza ni nani aliyekuwa kwenye usukani. Linaonekana dogo kuliko yote, na ndilo linaloharibu orodha nyingi. Kama dereva hajitambulishi kwa kadi au kwa simu kabla ya kuwasha gari, programu inampa safari yule aliyeandikwa kwenye gari tangu mwezi uliopita. Tazama ni kilomita ngapi hazina jina, au zina jina la mtu aliyekuwa likizo. Zikizidi asilimia 2 au 3 ya kilomita zote, orodha bado ni mchezo wa bahati nasibu.

La pili ni kugawa. Idadi ya breki za ghafla peke yake inamwadhibu anayefanya kazi nyingi. Hesabu matukio kwa kila kilomita 100, na usimpe alama mtu aliyeendesha chini ya kilomita 500 katika kipindi hicho. Tukio moja tu linamtupa juu au chini. Kisha linganisha wanaofanana: wa njia kuu na wa njia kuu, wa mjini na wa mjini, wenye shehena nzito na wenzao. Mtu anayesambaza mizigo penye msongamano atafunga breki mara nyingi hata akiwa mpole kama maji ya mtungini.

La tatu ni kifaa chenyewe. Breki ya ghafla inapimwa na kihisi kilicho ndani ya kifaa, na kifaa kilichobandikwa kwa tepu nyuma ya dashibodi kinacheza. Kila shimo la barabara linakuwa “breki” au “kona kali”. Ukiona gari moja lina matukio mara tano ya mengine yote hata likibadilishwa dereva, mtume fundi na bisibisi kabla ya kumtumia dereva barua ya onyo. Mwendo kasi nao una mtego wake: ramani inaweza kulisogeza gari kwenye barabara ndogo iliyo sambamba na ile kuu, na dereva aliye kwenye kilomita 80 halali anaandikiwa kosa la barabara ya 50. Weka sharti kwamba kosa liwe limezidi kikomo kwa kilomita 5 au zaidi na limedumu sekunde 30. Hapo sehemu kubwa ya makosa hewa inaanguka.

La nne ni injini kuunguruma gari likiwa limesimama. Linastahili kufuatiliwa, kwa sababu injini kubwa ya dizeli hunywa takriban lita 3 kwa saa ikiwa imesimama bure. Saa mbili kwa siku, siku 25, ni lita 150 kwa mwezi kwa lori moja. Lakini lori la kreni linaendesha pampu yake kwa injini hiyo hiyo, na lori la zege linazungusha pipa. Hayo yanafanya kazi. Yaunganishiwe waya wa pili unaoiambia programu kwamba pampu imewashwa, la sivyo yatolewe kwenye hesabu. Angalia pia kama kifaa kinajua injini inaunguruma au kinajua tu kwamba swichi iko wazi: dereva anayesikiliza redio injini ikiwa imezimwa ataonekana anachoma mafuta.

Mkishamaliza hayo, mwonyesheni kila dereva namba zake mwenyewe kwa miezi miwili kabla ya kubandika orodha yoyote ukutani. Mtapokea marekebisho mengi ya data bila kulipa mshauri. Na bonasi ikianza, weka ripoti ya kufika kwa wakati kando ya ile ya uendeshaji, maana dereva akilipwa kwa upole pekee anaweza kugeuka kobe, na mteja ndiye atakayelipia.

Safari ya usiku imekatwa vipande viwili

*Safari inayoanza jioni na kuisha alfajiri inaonekana kama safari mbili za siku mbili. Nyingine zina tarehe za ajabu kabisa.*
Mhasibu

Vifaa vya kufuatilia huhifadhi saa kwa UTC, yaani saa ya dunia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tatizo linaanzia kwenye kugeuza. Kuna sehemu tatu ambapo mtu anaweza kuongeza masaa: kwenye kifaa, kwenye seva na kwenye akaunti ya anayesoma ripoti. Zikiongezwa mara mbili, safari ya asubuhi inahamia mchana. Zisipoongezwa, siku ya ripoti inakatika saa sita usiku ya UTC badala ya saa sita usiku ya kwenu. Acha kifaa na seva kwenye UTC, geuza mara moja tu kwenye akaunti. Na safari ihesabiwe kwenye siku iliyoanza, isigawanywe.

Kwa fomu zinazojazwa kwa mkono kuna kasoro inayotuhusu sisi wasema Kiswahili. Dereva aliyeondoka saa mbili asubuhi anaandika 2:00, programu inasoma saa nane usiku, na ripoti inaonyesha lori lilichukua saa sita zaidi njiani. Fomu ichapishwe kwa saa 24 pamoja na mfano, 08:00, juu ya mstari wa kujazia. Tarehe nazo: 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa mmoja na 4 Machi kwa mwingine, na lahajedwali huchagua kimyakimya. Andika 2025-04-03.

Zile za ajabu kabisa, zinazorudi nyuma karibu miaka 20, zina sababu yake. GPS huhesabu wiki kwa kaunta inayojaa baada ya wiki 1,024 kisha inaanza sifuri. Mara ya mwisho ilijaa usiku wa 6 Aprili 2019. Kifaa cha zamani kisichosasishwa hurudi nyuma miaka 19 na miezi saba na ushei. Vingine vilivuka 2019 salama na kuharibika baadaye, kwa kuwa mtengenezaji aliweka mwanzo wake wa kuhesabu. Sasisha programu ya ndani ya kifaa, au kibadilishe. Nukta za mahali kwa kawaida ni sahihi, kwa hiyo data ya zamani inaokolewa kwa kuongeza wiki 1,024.

Servisi ya kilomita 15,000 inachelewa

*Programu hutukumbusha servisi kila kilomita 15,000, lakini kuna malori ya mjini ambayo mafuta ya injini yanatoka meusi na mazito kabla ya hapo.*
Fundi mkuu wa karakana

Gawanya kilomita za kila lori kwa saa za injini yake. Lori la safari ndefu litakupa 50 au zaidi. Yale yako ya mjini huenda yakatoa 10: injini imefanya kazi saa 10 kwa kilomita 100. Likisubiri kilomita 15,000, limeunguruma saa 1,500, mara tano ya lile la barabara kuu. Weka vikumbusho vitatu kwa kila gari, kilomita, saa za injini na siku, kinachotangulia ndicho kinachoshika, na viwango vyake vitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji. Onyo litoke kwenye asilimia 90 ili spea zipatikane kabla gari halijaingia.

Kikumbusho hakijirudishi sifuri chenyewe. Kadi ya kazi isipofungwa pamoja na usomaji wa mita wa siku hiyo, ripoti itaendelea kulia kwa gari lililokwisha hudumiwa, au itanyamaza kwa lile lililofungwa kwa usomaji wa kubuni. Dashibodi au kifaa kikibadilishwa, mita mpya inaanza upya. Ingiza tofauti siku ile ile.

Ukitaka ripoti ya gharama ikufae, punguza majina ya kazi. Orodha ya misimbo 15 inayotumika ni bora kuliko 120 ambayo mafundi wanaikwepa kwa kuchagua “mengineyo”. Safu ya “mengineyo” ikivuka moja ya kumi ya gharama, soma maelezo yake ya mwezi mzima. Humo utakuta misimbo miwili mitatu inayokosekana. Matairi yaweke peke yake, kwa nafasi ya gurudumu, la sivyo hutagundua kwamba ekseli moja ya trela inakula matairi kwa sababu imepinda.

Ripoti 60, nani asome ipi?

*Tumenunua programu yenye ripoti zaidi ya 60. Zinaingia kwenye barua pepe kila asubuhi na hakuna anayezifungua.*
Meneja wa usafirishaji

Kila asubuhi inatosha ukurasa mmoja wa mambo yaliyokwenda kombo: magari ambayo hayajatuma nukta kwa saa 24, mafuta yaliyoshuka ghafla, mizigo iliyochelewa, servisi zilizopitiliza. Ukurasa usizidi mistari 10, na kila mstari uwe na jina la mtu na nafasi ya kuandika sababu. Hiyo ya vifaa vilivyokaa kimya iwe ya kwanza, kwa sababu gari lisilotuma data halionekani kwenye ripoti nyingine yoyote, na mkosaji mkubwa anaweza kuwa ndiye msafi kuliko wote.

Kwa wiki, tazama mizigo iliyofika kwa wakati na ikiwa kamili. Vyote viwili kwa pamoja, mzigo kwa mzigo. Watu huripoti asilimia 90 kwa wakati na asilimia 92 kamili, wakaridhika; lakini kama kasoro hizo hazitegemeani, mizigo iliyokidhi yote mawili ni 0.90 mara 0.92, karibu asilimia 83. Amueni pia ni miadi ipi inayohesabika. Mpangaji wa safari akiruhusiwa kusogeza miadi mchana wa siku yenyewe, kila mzigo utafika kwa wakati. Hifadhini miadi ya kwanza aliyoahidiwa mteja kwenye safu isiyoweza kufutwa.

Kwa mwezi, tazama kilomita tupu (lori likienda bila mzigo) kama sehemu ya kilomita zote, kwa kila njia, na ujazo wa lori kwa uzito na kwa nafasi. Lori lililobeba magodoro limejaa ingawa mizani inasema robo. Ukipima kwa tani peke yake utamlaumu mpangaji bure.

Zilizobaki, zima. Usitangaze. Subiri mwezi mmoja uone nani atakayekuja kuuliza ripoti yake iko wapi. Mrudishie hiyo, na umuulize kwanza huwa anaamua nini akishaisoma.